Siti binti Saad: mutoto wa wafinyanzi mwenye alifanya watu wasikie Kiswahili mbali

Hapa Fungurume, Tenke, Kolwezi mupaka Likasi, tunaongea na kuimba Kiswahili kila siku. Kwenye matanga, kwenye ndoa, sokoni, ku redio. Lakini wachache wetu wanajua kama mumoja kati ya watu wa kwanza wenye walitia Kiswahili ndani ya diski za kuuzisha alikuwa mwanamuke. Na hakukuwa mwanamuke wa familia kubwa. Wazazi wake walitoka katika ukoo wa watumwa. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutembeza nyungu za udongo kichwani.

Anaitwa Siti binti Saad. Alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kisiwa cha Zanzibar, na alikufa tarehe 8 mwezi wa saba 1950. Ni zaidi ya miaka 70 sasa tangu amelala katika udongo, lakini waimbaji wa pwani wanaendelea kumuita mama yao. Leo tunawaletea maisha yake, wapenzi wasikilizaji na wasomaji wetu, kwa sababu ndani yake kuko mambo mengi yenye kutuhusu sisi wakaaji wa huku.

Njia ya misafara yenye kutuunganisha naye

Mutu anaweza kuuliza: Zanzibar ni mbali sana, kule kwenye bahari ya Hindi, inatuhusu nini? Inatuhusu kabisa. Baba ya Siti, muzee Saad, alikuwa wa damu ya Kinyamwezi. Mama yake alikuwa Muzigua, kabila la upande wa pwani ya Tanzania. Sasa tukumbuke Bunkeya, hapa hapa katika teritware yetu ya Lubudi. Mwami Msiri, mwenye alianzisha utawala wa Bayeke kule Bunkeya katika miaka ya 1800, alitokea pia upande wa Unyamwezi. Watu wake walikuja huku kutafuta shaba na pembe za tembo, wakabakia, wakaoa, wakazaa. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, lakini Bayeke wako hapa mupaka leo.

Kwa hiyo njia ilikuwa moja. Kutoka Bunkeya, misafara ilipandisha upande wa mashariki, ikapita Unyamwezi, ikashuka mupaka Bagamoyo, kisha mashua ikavukisha vitu mupaka Zanzibar. Ndani ya misafara hiyo kulikuwa shaba, kulikuwa pembe, na kulikuwa watu pia, wenye kufungwa na kuuzishwa. Lugha yenye ilitembea ku njia hiyo ni Kiswahili. Ndiyo maana sisi, watu wa mbali na bahari, tunaongea lugha ya bahari.

Wengine walitembea ku njia hiyo kwa biashara, wakarudia kwao. Wengine walipelekwa kwa nguvu, na hawakurudia. Siti alitoka katika kundi la hao wa pili.

Alipewa jina la Mtumwa

Wakati alizaliwa, hakuitwa Siti. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini wa kisiwa, na jina lenye alipewa ni Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Hatuna lazima ya kufasiria jina hilo, kila mutu analisikia. Mutoto anazaliwa, na jina lake tayari linamuambia ni nani katika kijiji na ni wapi anapaswa kukaa.

Zanzibar ya wakati ule ilitajirika kwa karafuu. Mashamba ya karafuu yalikuwa ya matajiri, wengi wao Waarabu kutoka Omani, na kazi ilifanywa na watumwa wenye walitoka bara. Waingereza walikamata kisiwa chini ya ulinzi wao mwaka wa 1890, lakini waliacha Sultani ku kiti chake. Mwaka wa 1897 ndiyo sheria ilitoka ya kusema kama utumwa hautatambuliwa tena mbele ya tribinali. Mtumwa alikuwa binti wa karibu miaka 17.

Lakini sheria inaweza kutoka siku moja, na mawazo ya watu yakabakia pale pale. Mutu mwenye aliachiwa alikuwa huru kwa karatasi, lakini hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo mukubwa wa kumutetea, na majirani waliendelea kumuangalia kama zamani. Alipaswa kujitafutia heshima yeye mwenyewe. Wengi walitafuta kwa kuvaa vizuri, kwa kununua kiwanja kidogo, kwa kuwa na jina jipya. Binti huyu alitafuta kwa sauti yake.

Nyungu kichwani, sauti mbele

Familia yake ilikuwa ya wakulima na wafinyanzi. Kufinyanga nyungu ni kazi ya wanawake, na mama anafundisha binti yake. Ni kazi yenye kuomba uvumilivu: kuchimba udongo wenye kufaa, kuukanda mupaka mawe yote madogo yatoke, kuujenga kwa mikono, kuanika nyungu pole pole kusudi zisipasuke, kisha kuzichoma ndani ya moto wa inje. Ukikosea siku moja tu, unapoteza kazi ya juma nzima. Mtumwa alikomalia ndani ya kazi hiyo. Mikono yake ilijua sanaa mbele ya kinywa chake.

Kisha nyungu zikiwa tayari, mutu anapaswa kuziuzisha. Kutoka Fumba mupaka muji wa Zanzibar ni mwendo wa miguu wa masaa mengi, na muzigo wa udongo uko kichwani. Mama zetu wenye wanatoka vijijini na mabeseni ya mihogo na makala kuleta ku soko ya Fungurume wanajua hiyo ni nini: shingo inauma, jua linachoma, na ukifika unakuta wengine tayari wamepanga.

Binti huyu alikuwa na njia yake ya kuita wanunuzi. Alikuwa anaimba. Wanaeleza kama sauti yake ilikuwa na nguvu sana na ilifika mbali, watu walimusikia mbele ya kumuona. Wanawake wenye walikuwa ndani ya nyumba walijua kama mwenye nyungu amefika, wakatoka. Pole pole watu wakaanza kutoka hata kama hawakuwa na lazima ya nyungu. Walitoka juu ya sauti.

1911: anahamia muji

Karibu mwaka wa 1911, aliacha Fumba na kuhamia ndani ya muji wa Zanzibar. Alikuwa na miaka karibu 30, alikuwa tayari mama. Kwa mwanamuke wa shamba, bila masomo, bila feza, kuhamia muji kulikuwa hatari. Hata leo, binti mwenye anatoka kijijini kuja kutafuta maisha karibu na migodi anajua hatari hiyo.

Katika muji kulikuwa kundi la muziki lenye kuitwa Ikhwan Safaa, lenye lilianzishwa mwaka wa 1905. Lilikuwa la wanaume, na walipiga muziki wa taarab. Muziki huo uliingia Zanzibar kupitia ikulu: Sultani Barghash, mwenye alitawala kutoka 1870 mupaka 1888, alipenda muziki wa Misri, akaita wapigaji kutoka kule, na akatuma kijana mumoja kwenda Kairo kujifunza. Kwa hiyo taarab ilikuwa muziki wa wakubwa. Waliuimba kwa Kiarabu, ndani ya nyumba za watu wenye kuheshimiwa. Watu wa kawaida walisikia kupitia ukuta.

Mumoja wa kundi la Ikhwan Safaa, Ali Muhsin, alimusikia mwanamuke huyu. Alielewa kama sauti hiyo haikupaswa kupotea ku barabara. Akaanza kumufundisha: namna ya kupumua, namna ya kufuata vyombo, namna ya kuimba Kiarabu. Na yeye, mwenye hakujua kusoma herufi hata moja, alikamata yote kwa masikio na kuyaweka kichwani. Nyimbo ndefu, maneno ya lugha ya kigeni, hesabu ya kila kipande. Watu wenye wamekulia katika mila ya kusimulia wanajua kama kichwa cha mutu asiyesoma kinaweza kuwa maktaba.

Ni wakati huo alipata jina la Siti. Kwa Kiarabu, Siti ni mwanamuke wa heshima, mama mukubwa wa nyumba. Kutoka Mtumwa kufika Siti: wengi wanazaliwa na cheo, wanapokea tu. Yeye alitembea kwa miguu mupaka akakipata.

Wanaume wane na mwanamuke mumoja

Kisha Siti alipata wenzake wa kazi. Subeti bin Ambar na Buda bin Swedi walipiga udi, chombo cha nyuzi chenye tumbo kubwa, ndugu ya gitare yetu. Mbaruk Talsam, mwenye alikuwa kipofu, alipiga violoni. Mwalimu Shaaban aliimba pamoja naye. Hao wote walikuwa watu wa kawaida kama yeye, si wa ikulu.

Mwanamuke Mwislamu kuimba mbele ya watu wote, akizungukwa na wanaume, hiyo haikuwa jambo la kawaida katika Zanzibar ya wakati ule. Yeye alifanya, na alifanya kwa utaratibu wenye ulifanya hata wenye kumushuku wakose la kusema. Alikuja amevaa kwa heshima, alikaa kwa heshima, na akifungua kinywa, usiku ulipita bila watu kuona masaa. Wakaanza kumuita ku ndoa, ku sikukuu, katika nyumba za matajiri, na mwisho mbele ya Sultani Khalifa bin Harub mwenyewe, mwenye alitawala tangu 1911.

Lakini jambo kubwa lenye Siti alifanya si kuingia ikulu. Ni kuchukua muziki wa ikulu na kuutoa inje. Alianza kuimba taarab kwa Kiswahili. Muziki wenye watu walisikia bila kuelewa maneno, sasa uliongea lugha yao, mambo yao, majina yao. Mama mwenye kuuza samaki na mutu wa kubeba mizigo ku bandari wote walielewa.

Bombay, 1928

Mwaka wa 1928, kampuni ya diski ya Waingereza yenye alama ya mbwa mbele ya gramofoni, His Master's Voice, ilitafuta sauti za Afrika ya Mashariki. Walimuita Siti na wenzake. Wakapanda meli, wakavuka bahari ya Hindi mupaka Bombay, huko India, kwa sababu ni kule mashini za kurekodi zilikuwa.

Tufikirie kidogo. Mutoto wa watumwa wenye walipelekwa kwa nguvu mupaka kisiwani, sasa anapanda meli kwa mapenzi yake, anakwenda mbele zaidi kuliko babu yeyote wa ukoo wake, na anakwenda kwa sababu ya kipaji chake. Kule Bombay, aliimba mbele ya mashini. Hakukuwa watu wa kupiga makofi, hakukuwa wanawake wa kumutunza kwa vitambaa na feza. Ilikuwa chumba, vyombo, na mashini yenye kukata sauti ndani ya sahani ya muziki.

Diski zikafika Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, na mbele zaidi ndani ya bara. Ziliuzishwa kwa makumi ya maelfu. Si kila nyumba ilikuwa na gramofoni, kwa hiyo watu walikusanyika ku duka na ku nyumba za kahawa, mumoja anazungusha mukono wa mashini, wengine wote wananyamaza. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia mashini ikiongea lugha ya nyumbani. Na sauti yenye ilitoka pale ilikuwa ya mwanamuke.

Kazi ya diski iliendelea kisha safari hiyo. Kampuni zilipata faida kubwa, kwa sababu zilielewa kama Kiswahili kiko na soko kutoka pwani mupaka maziwa makubwa. Hiyo ni jambo wanamuziki wetu wanajua pia: sauti inatoka kwa mutu mumoja, lakini feza zinapita kwanza kwa wengine.

Nyimbo zenye zilisema mambo yenye kuumiza

Siti aliimba mapendo, kama waimbaji wote. Lakini watu walimupenda zaidi kwa sababu aliimba mambo yenye yalifanyika mbele ya macho yao. Wimbo wa Siti ulikuwa kama habari ya redio, wakati redio haikukuwa.

Wimbo wake mumoja wenye kujulikana sana unaitwa Kijiti. Ulihusu jambo la kweli. Mwanamuke mumoja mugeni, mwenye alikuwa na mimba, alidanganywa na mwanaume, akapelekwa mahali pa pekee na akauawa. Mwanaume huyo alikimbia kisiwa, akaenda bara. Na mbele ya tribinali, wanawake wenye walikuja kutoa ushahidi ndiyo walipata azabu. Muuaji alikuwa mbali, mashahidi walikuwa ndani. Siti na wenzake walitunga wimbo, na kila mutu kisiwani akajua kwamba haki haikufanyika. Gazeti la wakati ule lingeweza kunyamaza. Hakimu angeweza kufunga kitabu. Lakini wimbo haufungwi. Mupaka leo, karibu miaka 100 kisha jambo hilo, watu wanauimba.

Wimbo mwingine ulihusu karani mukubwa mwenye alikuwa na mushahara muzuri, lakini bado alidanganya maskini wasiojua kusoma, akawatia ndani ya karatasi zenye hawakuelewa. Mwisho alikamatwa, akafungwa na kupewa kazi nguvu. Watu walifurahi sana kwa wimbo huo. Siti mwenyewe hakujua kusoma. Alijua mutu anajisikia namna gani wakati wanamuwekea karatasi mbele na kumuambia atie kidole. Hapa kwetu, mahali shamba la mutu linaweza kubadilika kuwa shimo la mugodi katika miezi michache, ni nani hajaona mama muzee akitia kidole ku karatasi yenye hakusomewa vizuri?

Aliimba pia juu ya wanaume wenye kupiga wake zao, juu ya wakubwa wenye kuonea wadogo. Hakupiga makelele ya siasa. Alieleza jambo, akalitia muziki, na akaacha watu wahukumu wenyewe.

Wenye kumucheka

Mutu akipanda, wenye kumuvuta chini hawakosi. Siti hakukuwa na sura yenye watu wa muji waliita uzuri, na wapinzani wake walitumia hilo. Walitunga wimbo wa kumutukana, wakamukumbusha kama alitoka shamba, amevaa kaniki, ile nguo nyeusi yenye watumwa na maskini walikuwa wanavaa. Ujumbe ulikuwa wazi: hata ukivaa hariri, tunajua ulikotoka.

Angeweza kuwajibu kwa matusi. Hakufanya hivyo. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, wenye kusema kama uzuri wa uso si kitu cha kujivunia, na kwamba samani ya mutu iko katika akili na tabia yake. Wimbo wa wapinzani watu wanaukumbuka leo tu kwa sababu Siti aliujibu.

Ni mafundisho ya bure kwa vijana wetu wenye kutukanana ku telefone usiku na muchana. Jibu lenye kudumu ni lile lenye kumuinua hata mwenye kulisikia, bila kumuchafua aliyelisema.

Nyumba yake ikawa nyumba ya wengi

Siti alikaa Ng'ambo, upande wa muji wenye watu wa kawaida, wengi wao wa ukoo wa watumwa wa zamani, walijenga nyumba zao. Nyumbani kwake ndiyo kulikuwa masomo. Wenzake walikusanyika kule usiku, wakajaribisha nyimbo mupya, wakaongea habari za siku, wakapanga maneno. Majirani walikaa inje wakisikiliza.

Hapa ndipo tunaona umama wake. Kuna waimbaji wakubwa wenye kufunga kipaji chao kama feza ndani ya sanduku, wakikufa kinakufa pamoja nao. Siti aliachilia. Wasichana walikuja, walisikiliza, walijifunza. Kati yao kulikuwa mutoto mumoja mwenye alikuwa anajisogeza karibu kusikiliza na kukamata nyimbo. Dunia ilikuja kumujua kwa jina la Bi Kidude. Huyo Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti mupaka uzee wa mwisho, akazipeleka Ulaya na kwingine, na alikufa mwezi wa ine 2013. Kisha Siti, wanawake wa Ng'ambo walianzisha makundi yao wenyewe ya taarab, na jambo lenye lilikuwa la ajabu wakati wa Siti likakuwa la kawaida.

Na damu yake yenyewe iliendelea. Siti Muharam, mwimbaji wa Zanzibar wa siku zetu, ni mutoto wa mujukuu wake. Amerekodi tena nyimbo za kambo yake kwa namna ya leo. Kwa hiyo sauti yenye ilianza ku njia ya Fumba, na nyungu kichwani, imepita vizazi vine na haijanyamaza. Mama wa ukoo ni yule mwenye watoto wa watoto wanaweza kusimama mahali alisimama.

Muandikaji anamufikia mbele ya kifo

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, Siti alitembelewa na Shaaban Robert, muandikaji mukubwa wa Kiswahili mwenye alizaliwa upande wa Tanga mwaka wa 1909. Huyo alikaa naye, akamuuliza, akamusikiliza, na akaandika maisha yake ndani ya kitabu Wasifu wa Siti Binti Saad. Ni kati ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili vyenye kueleza maisha ya mwanamuke Mwafrika. Muda mufupi kisha hapo, tarehe 8 mwezi wa saba 1950, Siti akafariki, akiwa na miaka karibu 70.

Tuangalie wakati. Kama Shaaban Robert angengojea mwaka mumoja ao miwili, tungebakia na diski tu. Tungesikia sauti, lakini hatungejua Fumba, hatungejua nyungu, hatungejua jina la Mtumwa. Mwanamuke mwenye hakujua kuandika alihitaji mutu mwenye kalamu afike mbele ya kifo. Alifika.

Miaka mingi kisha, katika miaka ya 1980, wanawake wapasha-habari wa Tanzania walipotafuta jina la jarida lao, waliliita Sauti ya Siti. Walielewa kama yeye alikuwa tayari anafanya kazi yao: kusema wazi mambo yenye wanawake wanapata, mbele ya watu wote.

Na sisi huku?

Jimbo letu halikosi majina. Tuko na Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, mwenye alizaliwa 1930, Muyeke wa ukoo wa Msiri. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gitare, akamurekodi. Wimbo wake Masanga ulisikiwa dunia nzima. Yeye pia aliimba Kiswahili, na vidole vyake vilifundisha wapiga gitare mupaka Nairobi. Unyamwezi ulitoa Siti upande wa bahari na Mwenda upande wa shaba.

Lakini Mwenda alikuwa mwanaume, kijana, na alikutana na mutu mwenye mashini ku barabara. Wanawake wetu wazee ni nani amewarekodi? Ku matanga, ni wao wanaimba usiku wote. Wakati wa kusindikiza bibi-harusi, ni wao wanajua maneno yenye yanafaa na yenye hayafai. Wanajua nyimbo za Kisanga, za Kiyeke, za Kiluba, zenye kueleza vijiji vyenye havipo tena, kwa sababu watu walihamishwa na udongo ukachimbwa. Kijiji kinaweza kuondoka kwa siku chache. Wimbo wa kijiji unaondoka siku yenye kambo wa mwisho mwenye kuujua anafungwa macho.

Siku hizi hakuna lazima ya kupanda meli kwenda Bombay. Karibu kila kijana mwenye kutoka mugodini iko na telefone yenye kurekodi sauti. Tunarekodi mingi: mpira, michezo, ugomvi wa majirani. Kambo mwenye kukaa ku kivuli cha mwembe na kuimba pole pole wakati anachambua mboga, tunamupita.

Kama uko na kambo ao mama muzee mwenye kujua nyimbo za zamani, keti naye juma hili. Muulize jina lake la kwanza, si lile la karatasi. Muulize kijiji chake kilikuwa wapi na kiliitwa nani. Mwombe aimbe, na urekodi mupaka mwisho, hata kama anakohoa katikati. Kisha uandike ni nani aliimba, wapi, na tarehe gani. Na kama familia inakubali, leta hapa ku redio, tutaipitisha hewani, na jina lake tutalitaja.